Kahawa Iliyooshwa Mara Mbili

Jumatatu, 14 Julai. Ruanda, Mbozi

Chuo kimetupa daftari la mafunzo kwa vitendo lenye safu tatu: tarehe, kazi iliyofanyika, saini ya msimamizi. Kila siku mistari mitano, basi. Hili la pili nimelinunua stendi ya Vwawa, lina picha ya twiga kwenye jalada, na humu nitaandika yale yasiyoenea kwenye safu tatu.

Nimefika saa saba mchana na sanduku la bluu mapajani. Ndani yake kuna kazi yangu ya mwaka mzima, kipima unyevu cha kahawa, nilichokibuni na kukiunganisha mwenyewe kwenye karakana ya ndaki yetu ya uhandisi. Unamimina kikombe kimoja cha kahawa ya maganda, unabonyeza, namba inatokea. Ikiwa chini ya kumi na mbili, kahawa imekauka, funga gunia. Ikiwa juu ya hapo, irudishe kichanjani ipigwe jua. Vya dukani vipo, ila kikundi kama hiki hakiviwezi. Ndiyo maana Dk. Athuman, msimamizi wangu, aliupenda mradi huu kuliko ya wenzangu. Husema uhandisi usiomfikia mkulima ni mapambo ya ukutani.

Nimefikia kwa Mwenyekiti Ezron anayeongoza kikundi. Mke wake, Mama Deus, amenipa chumba na mablanketi matatu. Nilidhani ni ukarimu tu, kumbe ni Julai. Mimi ni mzaliwa wa Igamba, hapa hapa Mbozi, lakini miaka mitatu ya joto la mjini imenilegeza kabisa.

Jumatano, 16 Julai

Leo nimekionyesha kipimo mbele ya wanakikundi wote. Nilivaa koti la maabara, nikajiona daktari.

Wamekaa kando ya vichanja, wanaume upande mmoja, akina mama upande wa pili na vitenge mabegani. Nikamimina kikombe cha kahawa iliyokuwa juani siku tisa. Nikabonyeza. Kumi na moja nukta nne. Mwenyekiti Ezron akaisoma kwa sauti kubwa, watu wakapiga makofi.

Asiyepiga makofi ni Bibi Fausta. Kwa miaka kumi na moja yeye ndiye anayeamua kahawa ya kikundi imekauka au bado. Huchota konzi moja, huitikisa karibu na sikio, kisha humenya punje na kuiuma kwa jino la pembeni. Leo akafanya vilevile, bila haraka, huku wote tukimngoja.

"Mwanangu," akaniambia, "hii bado."

"Bibi, kipimo kimesoma kumi na moja."

"Nimesikia. Lakini hii jino linaingia. Kahawa kavu jino halipati pa kuingilia."

Mwenyekiti akacheka. "Bibi, ukweli jino lako lina miaka sitini na tano. Hiki kitu kimetoka chuo kikuu."

Watu wakacheka sana, na mimi nikacheka nao.

Alhamisi, 17 Julai

Ukungu mpaka saa nne. Vichanja vimefunikwa. Hakuna cha kupima.

Jumamosi, 19 Julai

Kipimo kimepata jina: wanakiita Injinia. "Mlete Injinia aone hiki kichanja." Nikiitwa na mimi, sijui nani anaitwa.

Twaibu amepita na Canter yake akitokea Tunduma. Ni mtu wa Kigoma, lakini ameishi mpakani miaka mingi mpaka anasalimia kila mtu kwa Kibemba. "Mulishani, dada injinia!" Ndiye aliyebeba kahawa ya majaribio aliyonitumia mama yangu mwezi wa tano, kutoka Igamba hadi stendi ya Vwawa, nami nikaipokea kwa basi chuoni. Leo amechukua kipimo cha pili nilichokiunda sawa na hiki, akipeleke Ikinga, kule Ileje, kwa kikundi kingine alichokichagua Dk. Athuman. Nimemwambia akiweke mbele, asikirundike na saruji. Akakifunga mkanda wa kiti kama abiria.

Jumanne, 22 Julai

Kikao. Mwenyekiti ametangaza kwamba kuanzia leo Injinia ndiye mwenye neno la mwisho. Bibi Fausta atahamia kwenye kuchambua kahawa mbivu inayoletwa na wakulima, kutoa zilizoliwa na wadudu.

"Si kwa ubaya, Bibi," akasema. "Tunakupumzisha."

"Sijasema nimechoka," akajibu Bibi Fausta, akakunja kitenge chake na kuhamia upande wa pili wa uwanja.

Ningeweza kusema neno. Ningesema kwamba kipimo na jino vinaweza kukaa meza moja. Sikusema. Nikiwa mkweli, moyoni nilifurahi kidogo, na ninaliandika hili hapa kwa sababu kwenye safu tatu haliingii.

Ijumaa, 25 Julai

Magunia ishirini na mawili yamefungwa. Mikono imechanika kwa baridi, Mama Deus amenipa mafuta ya ng'ombe.

Jumatatu, 28 Julai

Dk. Athuman amepiga simu. Mradi wangu utawekwa kwenye banda la chuo, Nanenane Mbeya, na bango lenye picha yangu. "Umetuheshimisha, Elina," akasema. Nimelisema neno hilo mara kadhaa peke yangu nikiwa nafua.

Bibi Fausta hanisemeshi zaidi ya salamu. Nikimwamkia anaitikia marahaba, kisha anarudi kwenye kahawa yake.

Jumapili, 3 Agosti. Igamba

Nimekuja nyumbani. Tumetoka kanisani, Mama amepika ndizi na maharage, jua limetoka zuri, nami nimekaa mlangoni nimenyoosha miguu. Naandika haya saa tisa alasiri.

Tulikuwa tunapiga soga tu. Mama akauliza, "Na ile kahawa niliyowatumia, waliionaje chuoni?"

"Walifurahi, Mama. Ilinisaidia sana."

"Waliona ilivyo safi?"

"Safi vipi?"

"Si niliiosha."

Nieleze ilivyokuwa. Ili kipimo kijue kumi na moja ni nini na ishirini ni nini, lazima kwanza ukilishe kahawa ambayo unyevu wake unaujua tayari. Ndipo kinajifunza. Mwezi wa tano nilimpigia Mama simu nikamwomba aende ofisi ya chama cha msingi hapa Igamba, wana kipimo kizuri cha dukani. Wapime kahawa ya aina tatu, kavu, ya kati na mbichi, waandike namba kwenye karatasi, kila karatasi iingie kwenye mfuko wake. Mama alifanya hivyo hivyo, hakukosea hata kimoja. Kumi na moja, kumi na sita, ishirini na mbili.

Kisha akarudi nayo nyumbani, akaitazama. Ina vumbi, ina vipande vya maganda.

"Nikasema, hii ndiyo iende chuo kikuu? Maprofesa waione hivi, waseme huyu mtoto katoka kwa watu gani? Nikaiosha yote kwa maji ya mvua, nikaianika kwenye mkeka jioni ile, asubuhi nikafunga. Karatasi sikuzichanganya, nilikuwa makini."

Alikuwa anatabasamu. Akaniongezea ndizi.

Kahawa ya maganda huoshwa mara moja tu, ikitoka kumenywa; ukiiosha tena ikiwa kavu inakunywa maji. Karatasi ilisema kumi na moja, kahawa yenyewe haikuwa tena kumi na moja. Nilikifundisha kipimo changu kwamba kahawa yenye maji ni kavu. Nakumbuka hata mifuko ilivyofika, ilikuwa na matone kwa ndani. Niliyaona. Nikasema ni joto la basi.

Ningependa kusimama hapo, kosa likae mkekani kwa Mama. Lakini kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba namba ya karatasi haiaminiwi. Unachukua sampuli, unaipima uzito, unaiweka kwenye tanuri la maabara usiku na mchana, unaipima tena. Uzito uliopungua ndio maji. Mwezi wa tano tanuri lilikuwa na foleni ya siku tisa, mimi nilikuwa na siku nne. Nikaruka. Halafu kwenye ripoti, ukurasa wa kumi na saba, nikaandika kwa mkono wangu: "Sampuli zote zilihakikiwa kwa tanuri." Dk. Athuman akasaini chini yake.

Mama ameniuliza mbona sili. Nimemwambia nimeshiba.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimerudi Ruanda. Magunia thelathini na nane sasa. Sikusema.

Jumanne, 5 Agosti

Nimechota kilo moja kutoka gunia la kwanza, nikaipeleka Igamba kwa kipimo cha chama. Injinia anasema kumi na moja na nusu. Cha chama kimesema kumi na tano na nusu. Nikamwomba karani arudie. Kumi na tano nukta sita.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemfuata Bibi Fausta. Alikuwa peke yake kwenye meza ya kuchambulia, wengine wamekwenda kunywa uji. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakanitoka yote.

"Bibi, ulisema kweli. Haijakauka."

Hakuonyesha kushangaa wala kufurahi. Akanishika mkono akanipeleka ghalani, akafungua mdomo wa gunia la tatu, akasema, "Ingiza mkono mpaka kiwiko."

Juu palikuwa na baridi. Katikati palikuwa na joto, joto la kitu kinachoanza kuoza.

"Tangu Ijumaa," akasema. "Nimekuja kila asubuhi nikashika."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema siku ile ya makofi. Nikahamishwa." Akafunga gunia. "Nikisema mimi, ni bibi mwenye wivu na mashine. Ukisema wewe, watasikia. Sema upesi, bado haijanuka."

Nimeona aibu ambayo sijapata kuiona. Bibi huyu alikuwa analinda kahawa ya watu waliomcheka, na mimi nilikuwa nimekaa na jibu siku tatu.

Alhamisi, 7 Agosti

Asubuhi nilimpigia Dk. Athuman bandani kwake Mbeya. Nikamweleza juu ya kuosha, na juu ya tanuri. Nyuma yake nasikia spika za maonyesho.

"Wakulima umeshawaambia kuhusu tanuri?"

"Bado."

"Elina, sikiliza. Kahawa ya watu iokolewe leo, hilo halina mjadala. Lakini ripoti ni kitu kingine. Ukikiri kwamba uliandika umehakiki na hukuhakiki, ndaki haitakuwa na la kufanya, utarudia mwaka. Kuna namna ya kuliandika. Sampuli zilipata hitilafu. Si uongo."

Saa nane tukakaa kikao. Nilisimama, nikasema kipimo kina makosa, kinasoma pungufu kwa alama nne, magunia yote yafunguliwe. Mwenyekiti Ezron akauliza kwa nini. Nikasema sampuli zangu zilipata maji njiani.

Njiani. Neno lilitoka lenyewe, laini, na watu wakalipokea.

Frida, mama mwenye kahawa nyingi kuliko wote, akauliza, "Kwa hiyo zile namba tulizokuwa tunapigia makofi zilikuwa za nini?"

Mwenyekiti hakunigombeza. Alivua kofia akaikunja mikononi, akasema, "Tufungue magunia." Nilitamani angenigombeza.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Nchi nzima inapumzika, sisi tumemwaga magunia thelathini na nane vichanjani. Bibi Fausta amesimama katikati anaelekeza nani aweke wapi, na hakuna aliyesema amerudishwa na nani. Manne yameshaota ukungu mweupe, yametengwa. Wenzangu wa chuo wananitumia picha za bango langu.

Jumamosi, 9 Agosti

Jua. Nimegeuza kahawa kwa mikono kuanzia asubuhi hadi jioni.

Jumapili, 10 Agosti

Jua, upepo. Nimekwenda Igamba na chupa tatu za kahawa. Nimesimama mwenyewe kando ya kipimo cha chama zikipimwa, nikazifunga papo hapo, na nimekifundisha upya kipimo cha Ruanda. Mama alikuwa kwenye kikao cha akina mama wa kanisa, hatukuonana. Nilishukuru, na nikajichukia kwa kushukuru.

Alhamisi, 14 Agosti. Ikinga

Nimekuja na Twaibu kurekebisha kipimo cha pili. Barabara ya Ileje inapanda na kushuka, Twaibu anaimba, ananisimulia foleni ya malori mpakani. Amenikatalia nauli. "Nyie ndio mnaotutengenezea nchi," akasema. Nilitazama dirishani.

Katibu wa kikundi cha hapa ni Tumpale, kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni. Kahawa yao bado iko vichanjani, Mungu amesaidia, wangefunga Jumamosi. Nikamweleza. Akakifuta kipimo kwa kitambaa chake akakiweka mezani.

"Injinia, kwetu hakina shida. Kinatoa namba nzuri tu."

"Ndiyo shida yenyewe, kaka. Ni nzuri mno."

Nikakifungua, nikakifundisha kwa chupa zangu tatu, nikakifunga. Tukapima kahawa ile ile aliyoipima asubuhi ikatoa kumi na moja. Safari hii ikatoa kumi na tano. Tumpale akaitazama, akabonyeza tena, akaitazama tena.

"Umekiharibu," akasema.

Alikuwa na huzuni ya kweli. Akina mama wawili waliokuwa nyuma yake wakaminyana, mmoja akasema kwa Kindali kitu ambacho Twaibu alinitafsiria baadaye: walijua haijakauka, walikuwa wanaogopa kubishana na chuo. Nimekaa na Tumpale mpaka jioni, tukipima kichanja kimoja kimoja. Mwishoni akaandika kwenye kitabu chake: zisifungwe, siku sita zaidi. Aliandika polepole sana.

Niliwahi kudhani kazi ya mhandisi ni kuwashawishi watu wakiamini kifaa. Hapa walikiamini ndani ya siku moja tu. Kilichokosekana ni mtu wa kuruhusiwa kukitilia shaka.

Jumatatu, 18 Agosti

Kahawa ya Ruanda imekauka. Kipimo kimesema kumi na moja nukta mbili, Bibi Fausta akauma akasema, "Sawa." Mwenyekiti ameamuru kwamba kuanzia sasa gunia halifungwi mpaka wote wawili wakubaliane. Thelathini na manne yamepona. Lile joto limeacha harufu kwenye matano au sita, daraja litashuka kidogo.

Kisha likaja suala la kuyapeleka kiwandani kukobolewa. Kila mwaka huyabeba Twaibu. Frida akasimama.

"Twaibu hapana. Aliyelowesha kahawa ya kilo tatu hashindwi kulowesha magunia thelathini na manne."

Watu wakaitikia. Nilitaka kuyeyuka. Nilijua tangu kikao kile kwamba "njiani" lina mwenyewe, kwamba kuna mtu mmoja tu aliyebeba mzigo ule njiani na wote wanamjua. Nilijifanya silijui. Wamekubaliana kutafuta gari la mtu mwingine, na mimi nilikaa pale nimeinamisha kichwa.

Alhamisi, 21 Agosti

Twaibu amekuja. Hakusalimia kwa Kibemba.

"Dada Elina, mimi nililowesha lini? Mzigo wa mama yako niliuweka kwenye kabati la mbele, pamoja na msala wangu wa kuswalia. Mvua haikunyesha. Nataka tu uniambie, kama kuna kitu nilifanya nisikijue niombe radhi."

Nikamwambia nitalishughulikia. Nitalishughulikia! Kama karani wa ofisi. Akashukuru akaondoka.

Jumamosi, 23 Agosti

Mama amekuja.

Nilikuwa vichanjani nikamwona anaingia uwanjani na kitenge chake cha ibada na viatu vya kufunika, ilhali si Jumapili. Mama Deus alikuwa amemweleza mambo yote kwenye kikao chao cha kanisa, kwa nia njema, akimpa pole. Mama akaamkia wazee, akaomba kusimama mbele ya watu. Mwenyekiti akaita kikundi.

"Mimi ni Roda, mama yake Elina," akasema. "Nimesikia kahawa iliingia maji njiani. Njiani hapakuwa na maji. Niliifunga mwenyewe kwa mikono hii, mafundo mawili. Maji niliyatia mimi. Niliona aibu kupeleka kahawa ya vumbi chuo kikuu, nikaiosha. Mwenye gari hana kosa. Mtoto hana kosa. Kosa ni langu, na nimekuja kuwaomba radhi."

Akapiga magoti. Mama yangu, na magoti yake mabovu, kwenye changarawe.

Nilikimbia nikamwinua.

"Mama aliosha kahawa," nikasema. "Hakujua. Mimi nilitakiwa kuipima upya chuoni kabla ya kuitumia. Sikuipima. Nilikuwa na haraka. Na kwenye ripoti niliandika kwamba nimepima. Twaibu sikumtaja, lakini nilisema njiani, na nilijua mtamfikiria yeye."

Frida aliweka mkono mdomoni. Mwenyekiti akanitazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama Bibi Fausta, na Bibi Fausta akatazama chini.

Mama ndiye aliyesema. Aliachia mkono wangu.

"Uliandika umefanya kitu ambacho hukukifanya?"

"Ndiyo, Mama."

"Na watu wakaweka mavuno yao juu ya hayo maandishi?"

"Ndiyo."

"Kuosha nilikoosha ni ujinga wangu, sikusoma. Hilo lako si ujinga." Akafunga kitenge vizuri kiunoni. "Maandishi yako wapi sasa?"

"Chuoni."

"Bado yanasema hivyo?"

Nikasema bado.

Akavua viatu vyake, akaenda kwenye vichanja vya kahawa mpya, akasimama karibu na Bibi Fausta akaanza kugeuza kahawa pamoja na akina mama wa Ruanda, kama mtu aliyekuja kibarua. Mwenyekiti Ezron akatoa simu akampigia Twaibu mbele ya wote, akaweka spika. Alimwomba radhi kwa jina la kikundi. Nami nikaomba kwa jina langu. Twaibu akasema, "Basi yameisha. Jumatatu nileteeni watu wa kupakia mapema." Sauti yake haikuwa ile ya zamani, na sitegemei iwe kwa sasa.

Niliingia chumbani nikaandika kwa ndaki, nakala kwa Dk. Athuman. Haikuwa ndefu. Ukurasa wa kumi na saba, sampuli hazikuhakikiwa kwa tanuri. Msimamizi alidanganywa na mimi. Vipimo viwili vilitumika kwa wakulima na magunia manne yameharibika. Nilipofika kwenye jina langu nilikaa kwanza, nikawafikiria wenzangu watakaovaa joho mwakani bila mimi.

Saa kumi Mama akanawa mikono, akaaga, akaelekea barabarani. Nikamfuata kwa nyuma. Akaketi juu ya jiwe, mimi nikasimama.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Imekwenda?"

"Bado, mtandao haushiki hapa."

Likaja gari la Vwawa. Konda akaita. Mama akatikisa kichwa, gari likaondoka.

"Mama, utachelewa. Nitaituma baadaye."

"Nitangoja."

Nikapanda kwenye tuta, nikanyoosha simu juu. Hakuna. La pili likapita, akatikisa kichwa tena. Nikavuka barabara, nikapanda kwenye kilima cha upande wa pili katikati ya mahindi makavu. Kutoka kule nilimwona mdogo chini, amekaa wima, viatu amevipanga pembeni, uso wake umeelekea kwangu. La tatu likapita nalo halikusimama. Vumbi lake lilikuwa bado halijatua simu ilipotetemeka mkononi.

Nikashuka mbio.

"Imekwenda, Mama. Chuo wamekwishaipata."

"Haiwezi kurudi tena?"

"Haiwezi."

Akavaa viatu vyake, kimoja kisha cha pili, akasimama akajifuta vumbi, akapunga mkono kulisimamisha lililokuwa linakuja. Ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaniuliza kama nimekula.